Kiwanda cha Mabasi ya Umeme cha Jinja

Nakasongola, kaskazini mwa Kampala, ni mahali panapojulikana kwa kiwanda cha risasi. Kiwanda hicho, Luwero Industries, kilicho chini ya shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Uganda, ndicho pia kilichounganisha mabasi ya kwanza ya umeme yaitwayo Kayoola EVS.

Jambo hili lilianzia Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wao walionyesha gari dogo la umeme la watu wawili. Lakini kutoka gari la maonyesho hadi kiwanda ni safari ambayo wenye mitaji huiogopa, na hapo Serikali ikaingia yenyewe. Katika Kampuni ya Kiira, asilimia 96 ya hisa ni mali yake, na zilizobaki ni za Chuo. Ikatoa ekari 100 karibu na Jinja, na mwaka 2019 shirika lile lile la Jeshi likaanza kujenga kiwanda kilichokusudiwa kuunda magari 5,000 kwa mwaka.

Si suala la fahari tu. Uganda haina bandari. Petroli yake husafiri zaidi ya kilometa 1,000, hasa kutoka Mombasa. Umeme huupata nyumbani, katika Mto Nile. Bwawa la Jinja lilifunguliwa tangu mwaka 1954.

Hata hivyo betri, iliyo roho ya gari na sehemu kubwa ya gharama yake, bado huagizwa kutoka ng'ambo.