Mkoko na Mchu katika Mlango wa Mto Pangani

Jina la mikoko lina maana mbili katika pwani ya Tanga. Hutumika kwa miti yote iotayo katika matope ya maji ya chumvi, tena hutumika kwa mti mmoja tu miongoni mwa hiyo, ndio mkoko wenyewe. Kwa sababu hiyo wengi hudhani ya kuwa mchu ni namna ya mkoko; lakini miti hii miwili si ya jamii moja.

Mkoko ndio Rhizophora mucronata, wa jamii ya Rhizophoraceae. Mchu ni Avicennia marina, jina lililotolewa kwa heshima ya tabibu Ibn Sina. Zamani mchu uliwekwa jamii moja na mtiki. Siku hizi umo katika Acanthaceae.

Mtu atokaye Mwera akashuka hadi mlango wa Mto Pangani aweza kuipambanua kwa mizizi tu. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, katika tope laini kando ya vijito. Mizizi ya mchu huchomoza juu kama vijiti, ipate hewa. Mchu huvumilia hata ukingo wa nchi kavu, ambapo jua hukausha maji na kuacha chumvi. Mkoko huzuia chumvi nyingi mizizini. Mchu huitoa kwa majani, na aulambaye jani lake huionja.

Mkoko hutoa boriti zilizonyoka, ambazo majahazi yalizichukua tangu kale hata Uarabuni. Mchu, uliopinda, hufaa kwa mataruma ya vyombo. Hapa ndipo penye tofauti kubwa: shina la mchu likikatwa huchipua tena, bali mkoko mpevu ukikatwa chini ya majani hufa. Hurithiwa na miche yake tu, ambayo huanza kuota ingali imening'inia kwa mama.

Mwaka 2010 Orodha Nyekundu ya IUCN iliiweka yote miwili katika daraja la wasiwasi mdogo, kwani imeenea toka Afrika hata Bahari ya Pasifiki. Hesabu hiyo ni ya dunia nzima, wala haisemi lolote juu ya kijito kimoja. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ukataji wa mikoko mwaka 1987, na misitu hiyo ni hifadhi. Mkaguzi ahesabuye visiki angefanya vema kuvitenga: kisiki cha mchu chaweza kuwa mti tena, cha mkoko ni kuni.