Folati ya mtoto si folati ya mama mwenye mimba

Juzi, baada ya mkutano wetu, dada mmoja alibaki nyuma akatuonyesha kopo dogo la vidonge vya manjano. Ana mimba ya miezi mine. Vidonge ni vya kijana wake mwenye ugonjwa wa SS, anayemeza kimoja kila siku. Akasema: «Kwa kituo cha afya walinipa feri na folati, lakini vimeisha. Hii nayo si folati? Basi ninameza ya mtoto.» Tumejibu swali lake hapa, kwa ruhusa yake, kwa sababu nyumba nyingi zina kopo kama hilo.

Folati ni nini?

Folati ni vitamini B9. Jina lake limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya jani, maana mwaka 1941 wataalamu waliitoa katika majani ya spinachi. Ile inayotengenezwa kwa vidonge inaitwa asidi foliki.

Ndani ya mwili kuna kitu kidogo sana kinachoitwa metili. Kinapita kutoka mahali hadi mahali, kama kaa la moto ambalo jirani anampa jirani ili kila mmoja awashe jiko lake. Folati ni mmoja wa wanaobeba kaa hilo, na vitamini B12 inalipokea na kulipitisha. Bila kazi hiyo, mwili haujengi vizuri damu wala seli mpya. Ndiyo maana mama mwenye mimba, anayejenga mtu mzima ndani yake, anahitaji folati kuliko wengine.

Faida yake

Mgongo na ubongo wa mtoto vinaanza kama mrija mdogo, nao unafungwa ndani ya siku 28 tangu mimba kuingia. Wakati huo wengi wetu hatujajua bado kama tuna mimba. Mrija usipofungwa vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji yanajaa kichwani. Huo si uchawi wala laana ya ukoo, na mama asilaumiwe. Sababu zake ni nyingi, lakini upungufu wa folati ni mojawapo ambayo tunaweza kuizuia.

Mwaka 1991 matokeo ya utafiti wa nchi saba yalitangazwa. Wamama waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo walipewa asidi foliki kabla ya kushika mimba nyingine, na hatari ya jambo hilo kurudi ilipungua karibu robo tatu. Kwa hiyo, anayetafuta mimba aanze mapema kumeza miligramu 0,4 kila siku. Akiisha kuwa na mimba, aendelee na kidonge cha kliniki kinachounganisha feri na folati.

Hatari iko wapi?

Kidonge cha mtoto wa SS huwa na miligramu 5. Hiyo ni zaidi ya mara 12 ya kipimo cha kawaida cha mama mwenye mimba. Na hapa ndipo malaria inapoingia.

Kwa kliniki tunapewa SP, ile ambayo wengi wanaiita Fansidar: vidonge vitatu kwa mara moja, mbele ya mwuguzi, kuanzia mwezi wa nne. Mdudu wa malaria naye anahitaji folati ili aongezeke. SP inamzuia asijitengenezee. Lakini mama akimeza asidi foliki ya miligramu 5 kila siku, nguvu ya SP inapungua. Anaamini amekingwa, kumbe malaria inaweza kujificha katika kondo la nyuma bila homa yoyote, ikamaliza damu ya mama na kumfanya mtoto azaliwe na kilo chache. Kipimo cha 0,4 hakiharibu kazi ya SP.

Hatari ya pili: asidi foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12. Damu inaonekana nzuri, huku mishipa ya fahamu inaharibika polepole: ganzi miguuni, kutembea kwa shida. B12 inapatikana katika samaki, ndagala, nyama, maziwa na mayai. Anayekosa vyakula hivyo kwa muda mrefu amwambie muganga.

Lakini tusielewane vibaya. Mama ambaye mwenyewe ana SS, anayemeza dawa ya kifafa, au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, daktari anaweza kumwandikia kipimo kikubwa. Asikiache kwa kusoma jarida hili. Amwambie mwuguzi kabla ya kupewa SP.

Jikoni na kwenye boksi

Lengalenga, maharagwe na karanga vina folati. Lengalenga usiipike sana wala usimwage maji yake, kwani folati inatoka na maji. Sombe ni jambo lingine: ipike mpaka iive kabisa, maana sumu yake lazima itoke kwanza. Chakula kizuri kinasaidia, lakini hakichukui nafasi ya kidonge cha kliniki.

Ukinunua kwa farmasi, au ndugu akikutumia vitamini kutoka Ulaya, tafuta maneno «acide folique» na usome namba. Mikrogramu 400 ni sawa na miligramu 0,4. Usiunganishe makopo mawili bila kuuliza.

Dada yetu alirudi kwa kituo na makopo yote mawili mkononi, akapewa vidonge vyake mwenyewe. Kijana wake anaendelea na vyake, kwa sababu yeye anavihitaji kila siku. Nawe, siku ya kliniki, beba kila dawa unayomeza, hata ile ya kuazima, uiweke juu ya meza ya mwuguzi.