Rahisi na Ghali: Vitendaji Visaidizi na Udhibiti wa Nishati katika Viendeshi vya Vifaa

Neno rahisi lina maana mbili katika Kiswahili: kisicho kigumu, na kisicho na bei kubwa. Katika mazungumzo ya kila siku maana hizo huenda pamoja bila kugombana. Katika uandishi wa viendeshi vya kompyuta, hata hivyo, maana hizo aghalabu hutengana. Makala haya yanaeleza namna njia isiyo ngumu ya kuandika programu inavyoweza kuwa njia ya gharama kubwa kwa betri, na namna mfasiri anavyoweza kuitunza tofauti hiyo.

Istilahi za msingi

Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo wa uendeshaji kuwasiliana na kifaa fulani, kwa mfano kamera au kihisi joto. Kitendaji ni kipande cha programu chenye jina, ambacho hufanya kazi maalumu kila kinapoitwa. Kitendaji kisaidizi hukusanya hatua kadhaa zinazorudiwarudiwa na kuzitekeleza kwa mwito mmoja. Kama ilivyo kwa kitenzi kisaidizi katika sarufi, uzito wa maana hubaki kwa kile kinachosaidiwa.

Saa, katika muktadha huu, si chombo cha kutajia wakati, bali ni mfululizo wa mapigo ya umeme unaoongoza hatua za saketi. Kidhibiti volteji ni sehemu inayoipatia saketi umeme wa kiwango kinachotakiwa. Vyote viwili vinaweza kuwashwa na kuzimwa na kiendeshi.

Mzigo unaopunguzwa

Kiendeshi cha Linux kinapounganishwa na kifaa chake, hufuata hatua kwa utaratibu: hupata kidhibiti volteji na kukiwasha, hupata saa, huiandaa, kisha huiwasha, halafu hujiandikisha kupokea katizo, yaani ishara ambayo kifaa hutuma kinapohitaji kuhudumiwa. Hatua ya mwisho ikishindwa, zote zilizotangulia ni lazima zifumuliwe kinyumenyume. Mwandishi akisahau moja, saa hubaki ikipiga kwa ajili ya kifaa ambacho hakuna anayekitumia. Makosa ya aina hii ni mepesi kufanyika na magumu kuonekana, kwa kuwa njia za kushindwa hujaribiwa mara chache.

Mwaka 2007, toleo la 2.6.21 la kerneli ya Linux lilipokea utaratibu uliobuniwa na Tejun Heo. Katika utaratibu huo, kila rasilimali huandikwa chini ya jina la kifaa kilichoiomba. Kiendeshi kikishindwa kuunganishwa, au kikitenganishwa baadaye, kerneli yenyewe huziachilia rasilimali hizo kwa mpangilio wa kinyume. Vitendaji vya familia hii hutambulika kwa kiambishi cha mwanzo devm_. Mwaka 2022 familia hiyo iliongezewa devm_clk_get_enabled, kitendaji kinachopata saa, kuiandaa na kuiwasha kwa mwito mmoja, na kuizima chenyewe kiendeshi kinapoondoka. Kwa upande wa umeme kuna mwenzake, devm_regulator_get_enable. Mistari mingi ya programu hugeuka mmoja, na kosa la kusahau kufumua hutoweka.

Uamuzi unaofichwa

Pamoja na manufaa hayo, kitendaji cha aina hii hubeba uamuzi ambao hautajwi katika jina lake. Kwa kuwasha saa wakati wa kuunganishwa na kuizima wakati wa kutenganishwa, kinaamua kwamba saa itabaki imewashwa kipindi chote cha katikati. Katika simu, kipindi hicho huanza simu inapowaka na huenda kisiishe mpaka izimwe. Iwapo kifaa kinatumika au kimekaa bure, kitendaji hakiulizi.

Tuseme kihisi kinatumia miliampia 1 na kinategemea betri ya miliampia-saa 1000. Kikiachwa kimewashwa daima, betri itaisha baada ya muda wa saa 1000, yaani siku 41 na ushei. Kikiamshwa kwa sekunde 1 tu katika kila sekunde 60, na matumizi mengine yote yakiwekwa kando, hesabu hufika siku 2500, ambazo ni zaidi ya miaka 6. Huo ni mfano wa hesabu tu, lakini unaonyesha ukubwa wa kinachopimwa.

Hasara haiishii kwa kifaa kimoja. Kerneli huhesabu watumiaji wa kila saa na wa kila kidhibiti volteji, na haikizimi chanzo mpaka mtumiaji wa mwisho akiachilie. Saa nyingi hutoka katika chanzo kimoja cha juu. Vifaa kadhaa huweza kulishwa na kidhibiti kimoja. Kiendeshi kimoja kisichoachilia hukifanya chanzo kizima kiendelee kufanya kazi, hata kama viendeshi vingine vyote vimeandikwa kwa uangalifu. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Njia ya pili

Tangu mwaka 2009, toleo la 2.6.32, kerneli ya Linux ina mfumo wa kudhibiti nishati wakati kompyuta ikiendelea na kazi. Kiendeshi hutoa vitendaji viwili, kimoja cha kukilaza kifaa na kingine cha kukiamsha. Kila anayehitaji kifaa huongeza hesabu ya watumiaji, na akimaliza huipunguza. Hesabu ikifika sifuri, kifaa hulazwa, mara nyingi baada ya kungojwa kidogo ili kisilazwe na kuamshwa ovyo.

Kuchanganya njia hizi mbili kunahitaji hadhari. Kiendeshi kilichopata saa kwa kitendaji kisaidizi kinaweza kuizima wakati wa kukilaza kifaa. Lakini kikitenganishwa kifaa kikiwa kimelala, kerneli itajaribu kuizima saa ambayo imekwisha kuzimwa, na hesabu itavurugika. Kwa hiyo kifaa kiamshwe kwanza. Kwa upande wa kidhibiti volteji mlango umefungwa kabisa: devm_regulator_get_enable hakikirudishii kiendeshi kitu chochote cha kushikia. Kukosekana kwa mpini huo kunazuia mchanganyiko wenye hatari, na papo hapo kunamnyima mwandishi uwezo wa kukata umeme baadaye.

Kupima

Haifuati kwamba kitendaji kisaidizi kiepukwe. Viko vifaa ambavyo havitakiwi kulala, kwa mfano kipima muda kinachoiwasha upya kompyuta ikikwama. Viko vingine ambavyo umeme ukikatwa hupoteza mipangilio yote, na kuirejesha huchukua muda na nishati. Katika hali hizo kuwasha mara moja ndilo jibu sahihi, na kitendaji kisaidizi hulieleza kwa ufupi na usalama. Isitoshe, udhibiti wa nishati ulioandikwa vibaya huweza kudhuru kuliko kutokuwapo kwake: kusoma rejista za kifaa ambacho saa yake imezimwa, kwa mfano, huweza kuigandisha kompyuta nzima.

Swali la kupimia, basi, ni hili: je, kifaa hiki kitakaa bure kwa muda wa kutosha, na kinaweza kulala na kuamka salama? Jibu likiwa ndiyo, urahisi wa mstari mmoja utalipwa na mwenye betri. Jibu likiwa siyo, wingi wa mistari hauna faida.

Kwa wafasiri na walimu

Kiswahili kina jozi za vitenzi zinazofaa kuilinda tofauti hii. Kuwasha na kuzima vitumike kwa saa na umeme. Kulaza na kuamsha vitumike kwa kifaa kinachopunguziwa nishati huku kikibaki chini ya kiendeshi chake. Kuunganisha na kutenganisha viachiwe uhusiano wa kiendeshi na kifaa. Mfasiri anayetumia kuzima kwa hali zote tatu humfanya msomaji aamini kwamba kifaa kitazimwa kinapokaa bure, ilhali matini asilia ilisema kitazimwa kitakapotenganishwa. Vilevile, kuwezesha ni kutoa uwezo au ruhusa, jambo lisilolazimu umeme kuanza kutumika. Pale ambapo mapigo ya saa yanaanza papo hapo, kuwasha ndilo neno.

Neno rahisi nalo litumiwe kwa uangalifu. Kitendaji kinachopunguza maandishi kiitwe chepesi kuandika. Kukiita rahisi pasipo maelezo ni kumwachia msomaji adhani kwamba ni rahisi pia kwa bei, na bei hiyo, kama ilivyoelezwa, hulipwa na betri.