Walimu wa Michezo na Wazazi wa Wachezaji: Mashauriano Yaanze Kabla ya Msimu

Timu nyingi za watoto na vijana katika visiwa vya Unguja na Pemba huongozwa na walimu wanaojitolea. Wapo miongoni mwao watumishi wa Serikali, mafundi na wafanyabiashara ndogo ndogo ambao, baada ya shughuli zao za mchana, huelekea uwanjani na filimbi na mipira miwili mitatu. Wazazi wengi huwatambua walimu hao kwa sura tu. Matokeo yake ni kuwa pande hizi mbili hukutana kwa mara ya kwanza siku ya ugomvi: mtoto amevunjika mkono, ameanguka katika mitihani, au amerejea nyumbani usiku bila ya mtu kujua alikokuwa. Mazungumzo yanayoanzia hapo huwa mazito, kwani kila upande umeshajijengea dhana yake.

Chanzo kikubwa cha mvutano ni wakati. Mtoto wa hapa ana skuli, ana chuo cha Kurani, na mara nyingi ana masomo ya ziada. Zipo skuli zinazosomesha kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na saa za chuoni hupangwa kufuata mkondo wa mtoto. Mazoezi nayo huanza baada ya sala ya Alasiri. Mwalimu anayepanga ratiba bila ya kuuliza asishangae kukuta wachezaji saba badala ya kumi na watano. Wala si haki kumwadhibu mtoto aliyechelewa kwa kuwa mzazi wake alimtaka amalize darasa. Adhabu ya namna hiyo humfundisha kumdanganya mmoja kati ya wakubwa wake wawili.

Njia nyepesi ni mwalimu kuwaita wazazi kabla ya msimu, hata ikiwa ni katika baraza ya mmoja wao, awaeleze siku za mazoezi, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kisha naye asikilize. Ikikubaliwa kuwa mazoezi yamalizike kabla ya Magharibi, yamalizike kabla ya Magharibi. Dakika ishirini za ziada ni kidogo kwa aliyeko uwanjani, lakini si kidogo kwa mama aliyesimama mlangoni giza linaingia.

Katika kikao hicho hicho mzazi naye ana wajibu wa kusema. Mwenye mtoto anayeugua pumu, kifafa au ugonjwa wa selimundu amwarifu mwalimu mapema. Wapo wazazi wanaoficha kwa kuchelea mtoto asiachwe nje ya timu. Kuficha huko kunaweza kugharimu maisha.

Suala la umri linahitaji ukweli zaidi. Mwezi wa Aprili 2018, timu ya Zanzibar ya vijana walio chini ya umri wa miaka 17 iliondolewa katika mashindano ya CECAFA nchini Burundi kwa sababu ya wachezaji waliozidi umri. Fedheha ile iliwapata pia vijana wasiokuwa na kosa lolote. Jambo hili huzungumzwa kana kwamba ni la viongozi wa mpira peke yao, ilhali mazoea yake huanzia mtaani, pale mwalimu anapotaka kombe, mzazi anapotaka mwanawe aonekane, na cheti cha kuzaliwa kikabaki kabatini. Ifahamike kuwa karatasi haitoshi tena kumficha mtu: katika Kombe la Dunia la vijana hao lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA ilianza kutumia kipimo cha picha ya mifupa ya kifundo cha mkono. Mwalimu aombe nakala ya cheti siku ya kwanza, na mzazi aitoe.

Kuhusu malalamiko ya kutopangwa, mzazi angoje hadi siku ya pili, amwone mwalimu faragha, mtoto asiwepo. Kupiga kelele pembeni mwa uwanja humvuruga mtoto, ambaye hajui amtii nani. Mwalimu kwa upande wake atoe sababu. Jawabu la kwamba yeye ndiye mwenye timu halimtoshi mzazi.

Kwa wasichana, wazazi huuliza zaidi juu ya mavazi, mahali pa kubadilishia nguo na nani atakuwa nao. Maswali hayo ni ya haki na yajibiwe kabla hayajaulizwa, ikiwezekana na mwalimu mwanamke.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Kwa hivyo timu inapovuka bahari kwenda kucheza kisiwa cha pili, ridhaa ya mdomo iliyoletwa na mtoto mwenyewe haitoshi. Mzazi apewe kwa maandishi jina la mtu mzima atakayefuatana nao, mahali watakapolala, namba ya simu na siku ya kurejea. Naye atie saini na kubaki na nakala yake.