Diski Kuukuu Usimwachie Fundi

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza juzi iwapo amlipe fundi wa barabara ya Luthuli, Nairobi, ambadilishie diski ya kipakatalishi chake, au aibadilishe mwenyewe. Kazi hiyo, mpenzi msomaji, si uganga. Katika mashine nyingi za zamani ni kulegeza skrubu chache, kuchomoa diski izungukayo mara 5,400 kwa dakika, na kupachika SSD ya inchi 2.5, ambayo haina kitu kizungukacho ndani yake. (Zile ambazo hifadhi yake imetiwa lehemu kwenye ubao, ziache!)

Ugumu umo katika data. Mnamo 2014 nilimwachia fundi changu. Kilirudi na kasi ya ajabu, lakini rekodi za wazee wa Vanga niliowahoji kwa Kivumba hazikuwemo, na diski kuukuu, nilipoifuata, ilikuwa imekwisha kuuzwa. Wawili miongoni mwa wazee hao wamefariki.

Nilimwagiza anakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha afungue faili kadhaa aone kama zinasomeka. Baada ya hapo, bisibisi aishike yeye au fundi, kwangu ni mamoja, mradi diski ya zamani arudi nayo nyumbani.