Springi Huanza na Mzigo, Si na Waya

Ukibonyeza springi, waya wake haukunjwi bali unasokotwa. Kila sehemu ya waya, kutoka ncha moja hadi nyingine, hujisokota kidogo kama kanga iliyolowa inavyokamuliwa, na ukiachia, chuma hujisokotoa na kurudi kilipokuwa. Macho yanaona springi ikifupika tu. Asiyelijua hili hupima springi kwa kuitazama: urefu ni uleule, unene unakaribiana, basi atengenezewe kama hiyo. Baada ya wiki chache springi imelegea au imekatika, na lawama anatupiwa fundi au chuma, wakati kosa lilifanyika siku ya kuagiza.

Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ya msingi mwaka 1678: ukiongeza kani maradufu, springi nayo hufupika maradufu. Kwa hiyo swali la kwanza la msanifu ni hili: kwa kila milimita inayofupika, springi isukume kwa nyutoni ngapi? Jibu linatokana na aina ya chuma, unene wa waya, kipenyo cha mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Mizunguko ikipungua kwa nusu, springi inakuwa ngumu mara mbili. Kipenyo kina nguvu kuliko hapo, kwa sababu kinaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha tatu. Unene wa waya unaingia kwa kipeo cha nne, na hapa ndipo pa kutuliza akili.

Tuchukue mashine ya mkono ya kutoboa bati. Mkono ukishushwa, kitobozi kinapita kwenye bati; ukiachiwa, springi inakiinua. Tuseme mwenye mashine anataka springi ikae kwenye urefu wa mm 60 mkono ukiwa juu, ikisukuma kwa takriban nyutoni 36, sawa na uzito wa karibu kilo 4. Mkono ukiwa chini springi ifikie mm 35, isukume nyutoni 217, yaani kama kilo 22. Springi itaingia kwenye tundu la mm 29. Tofauti ya kani ni nyutoni 181 kwa mwendo wa mm 25, hivyo tunahitaji nyutoni 7.2 kwa kila milimita. Waya wa chuma wa mm 3, uliozungushwa kwa kipenyo cha mm 24 kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya, wenye mizunguko 8 inayofanya kazi, unatoa kiasi hichohicho. Tunaongeza mzunguko mmoja uliofungwa kila upande ili springi isimame wima, jumla 10. Ikibanwa kabisa hadi mizunguko igusane itakuwa na mm 30. Ikiwa huru, mm 65. Waya wote uliotumika haufiki sentimita 80.

Sasa fundi amekosa waya wa mm 3, amepata wa mm 3.2. Kwa macho huwezi kuona tofauti, na hata rula haitakuonyesha. Lakini springi hiyo itakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 29, na mtu anayetoboa bati kutwa nzima ataisikia begani kabla ya saa sita mchana. Ndiyo sababu waya wa springi hupimwa kwa kalipa au maikromita, sehemu kadhaa, na baada ya kukwangua kutu na rangi.

Ugumu ukishapatikana, kazi bado ni nusu. Lazima tujue kama waya utahimili. Kwenye springi yetu, mkono ukiwa chini, mkazo wa msokoto ndani ya waya ni kama nyutoni 580 kwa kila milimita ya mraba. Tukitumia ule uitwao waya wa piano, katika unene wa mm 3 hukatika kwa kuvutwa kwenye nyutoni 1,900 hivi kwa kila milimita ya mraba, na desturi ya wasanifu ni kutovuka takriban asilimia 45 ya kiwango hicho kwenye msokoto, yaani kama 850. Hata springi ikibanwa hadi mwisho kwa bahati mbaya, mkazo utafika 680 tu. Springi hii haitalegea.

Katika hiyo 580 kuna sehemu ambayo hesabu nyepesi huisahau. Kwa kuwa waya umepindwa, upande wa ndani wa mzunguko hubeba mkazo mkubwa kuliko wa nje. Mhandisi A. M. Wahl wa Marekani alitoa kanuni ya kurekebisha hesabu hiyo mwaka 1929, na inatumika hadi leo. Kwa springi yetu inaongeza asilimia 18. Chukua springi iliyokatika kazini, uitazame kwa kioo cha kukuza. Mara nyingi utakuta ufa umeanzia upande wa ndani, na sehemu iliyokatika imelala mshazari, karibu nyuzi 45. Hiyo ni alama ya chuma kilichochoka kwa kusokotwa. Kadiri mzunguko unavyobanwa kuwa mdogo kwa waya mnene, ndivyo upande huo wa ndani unavyoumia. Kipenyo kikiwa kati ya mara 4 na mara 12 ya unene wa waya, springi hutengenezeka vizuri. Yetu ni mara 8.

Kiwandani, mashine inayoongozwa na kompyuta husukuma waya kwa magurudumu, ukagonga ncha ngumu zinazoupinda, huku kidole cha chuma kikitenganisha mizunguko. Karakana ndogo huzungusha waya juu ya chuma cha mviringo kwenye mashine ya kukereza. Njia zote mbili zinafaa. Kwenye mashine ya kukereza kumbuka tu kwamba waya ukiachiwa hufunguka kidogo, hivyo chuma cha kuzungushia huwa chembamba kuliko kipenyo cha ndani kinachotakiwa.

Hatua inayorukwa sana ni ya joto. Kupinda waya kunaacha mkazo uliojificha ndani yake. Springi ya waya wa piano inapaswa kukaa kwenye tanuri la takriban nyuzi 250 za Selsiasi kwa nusu saa hivi, kisha ipoe yenyewe. Bila hivyo italegea mapema. Ncha husagwa ziwe bapa, kisha springi hubanwa kabisa mara kadhaa ili ule ufupi wa mwanzo uishie karakanani, usiishie kwa mteja. Kama itapakwa zinki kwa umeme, irudishwe kwenye tanuri mapema, ndani ya saa chache, ili haidrojeni iliyoingia ndani ya chuma itoke. Isipotoka, springi inaweza kukatika ghafla bila hata kufanya kazi kubwa.

Joto hilohilo likishikwa vibaya linaua. Wapo wanaoshusha gari kwa kupasha springi moto wa gesi hadi iwe nyekundu na kukaa chini. Chuma hicho kimepoteza ugumu wake, na hakitaurudisha. Wengine hukata mzunguko mmoja au miwili wakidhani gari litakuwa laini, kumbe springi yenye mizunguko 8 ikibakiwa na 6 inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi moja. Na springi iliyokatika haichomelewi. Moto wa kuchomelea huharibu waya pande zote mbili za kiungo, hivyo itakatika tena jirani na hapo, pengine gari likiwa barabarani na abiria ndani.

Ukienda kuagiza springi, beba ile iliyokatika, lakini beba pia majibu. Isukume kwa nguvu gani ikiwa imefungwa mahali pake, na kwa nguvu gani ikibanwa hadi mwisho wa kazi? Urefu wake ni ngapi katika hali hizo mbili? Inaingia kwenye tundu la kipenyo gani, au inavaa fimbo ya unene gani? Itabonyezwa mara ngapi kwa siku, na itakaa penye maji, chumvi au joto? Andika kwenye karatasi na umwachie fundi, na siku ya kuchukua mwombe aiweke kwenye mizani mbele yako, aibane hadi urefu mlioandikiana. Namba zisipolingana, usiipokee.