Vyama vya wachezaji vyaziweka hai ngoma za Wasukuma

Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Jiji la Mwanza, yanahifadhi ngoma za watemi. Hata hivyo, ujuzi wa kuwamba ngozi na kupiga ngoma hauhifadhiki kabatini; hurithiwa kwa mazoezi. Kazi hiyo imebebwa na Bagika na Bagalu, vyama viwili vyenye upinzani wa jadi, ambavyo hushindana katika sherehe za Bulabo kila Juni. Mshindi ni anayevuta watazamaji wengi zaidi, hivyo chama kisichopata vijana hushindwa mapema, na mapigo yake hufifia pamoja na wazee. Vikundi vinavyohitaji kutambuliwa rasmi husajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA).